Nairobi tuko wangapi, na Pipeline je?

*"Daktari, hujambo? Mimi ni katibu wa kikundi cha wakazi hapa Pipeline, Embakasi. Tunaandika ombi la shule ya msingi ya umma na zahanati, maana watoto wetu wanabanana na akina mama wanasafiri mbali kwenda kliniki. Kila tukikaa kuandika aya ya kwanza tunagombania hesabu. Mwenyekiti anasema Nairobi ina watu milioni 4.4. Kijana wetu wa kompyuta ameona milioni 5.5 mtandaoni. Mzee mmoja alisikia redioni milioni 10. Wengine wanasema sensa haifai kitu kwa sababu hufanywa Agosti watu wakiwa mashambani, na kwamba ikiwa Kibera peke yake ina watu milioni moja, basi hesabu ya serikali ni ya uongo. Tuandike ipi? Na je, tunaweza kujua Pipeline tuko wangapi bila kungoja sensa nyingine?"*

Sijambo, Katibu, na wasalimie wenzako wote. Swali lako lina sehemu mbili, na ile ya pili ndiyo yenye uzito. Siwezi kuifikia kabla ya kuwasuluhisha katika ile ya kwanza, kwa sababu afisa atakayepokea ombi lenu ataanza kwa kutafuta kosa katika hesabu, na akilipata kwenye aya ya kwanza hatasoma ya pili.

Nianze kwa kusema kwamba mwenyekiti, kijana na mzee wote watatu wana kitu cha kweli mkononi. Tofauti yao ni mpaka na mwaka: kila mmoja anazungumzia Nairobi yenye mpaka wake, katika mwaka wake, na hesabu iliyopatikana kwa njia yake. Mkishajua hesabu ipi ilipatikanaje, ugomvi unakwisha.

Hesabu ya mwenyekiti ndiyo ya sensa. Usiku wa Jumamosi tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi. Wanawake walikuwa 2,204,376, wanaume 2,192,452, na watu 245 waliandikwa kuwa huntha. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku huo. Haijali anatoka kijiji gani wala anapigia kura wapi. Ndiyo maana baa ziliamriwa zifungwe saa kumi na moja jioni, ili watu wakae nyumbani. Karani alipobisha mlango siku zilizofuata, swali lake lilikuwa nani alilala humu usiku ule wa Jumamosi, hata kama alikuwa amebisha Jumatano. Nyuma ya hesabu hii kuna mtu aliyeulizwa jina lake na umri wake.

Hesabu ya kijana, milioni 5.5, haikutokana na kumhesabu mtu yeyote. Ni makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2024, na yalichapishwa mwaka 2018, yaani kabla ya sensa ya 2019 kufanywa. Watakwimu walichukua sensa za nyuma wakaipeleka mbele idadi ya mji kwa karibu asilimia 4 kila mwaka. Kazi hiyo ni halali na inasaidia sana pale ambapo hakuna kitu kingine. Lakini tovuti nyingi zinaendelea kuinakili bila kueleza ilikotoka, na msomaji anadhani kuna mtu alipita Nairobi mwaka juzi akihesabu vichwa.

Tatizo la makadirio hayo linaonekana ukiziweka sensa zetu kwa mfululizo. Mwaka 1979 Nairobi ilikuwa na watu 827,775. Mwaka 1989 walikuwa 1,324,570, mwaka 1999 wakafika 2,143,254, na mwaka 2009 wakawa 3,138,369. Katika miaka ya 1980 na 1990 mji ulikuwa unaongezeka kwa karibu asilimia 5 kwa mwaka. Kati ya 1999 na 2009 kasi ilishuka hadi 3.8, na kati ya 2009 na 2019 ikawa 3.4. Watu wanaendelea kuongezeka kwa wingi, ila mwendo unapungua. Kwa hiyo makadirio ya asilimia 4 yalianza na mwendo ambao mji ulikuwa umeshauacha. Mimi nikiulizwa idadi ya mwaka 2025 hutaja masafa, kati ya milioni 4.9 na 5.4, kutegemea kama kasi ilibaki pale pale au ilishuka hadi asilimia 2. Nanyi mkitaka kutaja idadi ya sasa, iandikeni hivyo hivyo kwa masafa, na mseme wazi kwamba ni makadirio. Afisa mwenye uzoefu humwamini zaidi anayempa masafa kuliko anayempa tarakimu saba kamili za mwaka ambao haukuwa na sensa.

Mzee wenu naye hakusikia vibaya. Wapangaji wa serikali wana eneo wanaloliita Nairobi kuu, linalojumuisha kaunti jirani. Ukichukua Nairobi ya 2019, ukaongeza Kiambu yenye watu 2,417,735, Machakos yenye 1,421,932, Kajiado yenye 1,117,840 na Murang'a yenye 1,056,640, unapata milioni 10.4. Ndiyo hiyo aliyoisikia. Hesabu yenyewe ni sahihi, lakini ndani yake yumo mfugaji aliyelala karibu na Amboseli, na mkulima wa Masinga ambaye huenda hajakanyaga Nairobi tangu mwaka uanze. Wote wamefanywa wakazi wa jiji kwa sababu tu kaunti yao inapakana nalo.

Hata hivyo nisingependa mumcheke mzee, kwa sababu hoja iliyo nyuma ya hesabu yake ni nzito kuliko mnavyodhani. Mfikirie mama anayelala Githurai 45 na kuuza mboga Githurai 44. Kwa miguu ni mwendo mfupi tu. Lakini 45 iko Kiambu na 44 iko Nairobi, kwa hiyo usiku wa sensa huyu mama ni mtu wa Kiambu, ingawa mchana kutwa anatumia barabara, maji na vyoo vya Nairobi. Vivyo hivyo kijana wa Rongai anayefanya kazi Industrial Area, na mwalimu wa Kitengela anayefundisha South B. Sensa haina safu ya mchana. Ndiyo maana nikisikia mtu akitaja kwa uhakika idadi ya watu wa Nairobi wakati wa mchana, huwa namuuliza ilihesabiwa na nani.

Kama mngetaka kuujua mji ulivyo machoni, yaani nyumba zinazofuatana bila pengo kubwa, njia yenye busara ni kuongeza miji iliyoshikana na jiji au iliyo kwenye njia zake kuu, badala ya kaunti nzima: Ruiru, Kikuyu, Thika, Karuri, Ongata Rongai, Juja, Kitengela, mji wa Kiambu na Mlolongo. Kwa sensa ya 2019, miji hiyo tisa pamoja na Nairobi inafika takriban watu milioni 6.4. Kwangu mimi huo ndio ukubwa wa Nairobi halisi ya mwaka ule. Na watu wanaelekea huko nje. Kati ya 2009 na 2019, Kajiado iliongezeka kwa karibu asilimia 5 kwa mwaka na Kiambu kwa asilimia 4, huku Nairobi yenyewe ikibaki kwenye 3.4. Kodi inapopanda mjini, familia yenye watoto wawili watatu huhamia ng'ambo ya mpaka, na baba huendelea kurudi mjini kila alfajiri kwa matatu.

Msidhani tatizo hili la mpaka ni letu peke yetu. Kwa miaka mingi dunia nzima ilifundishwa kwamba Tokyo ndiyo jiji lenye watu wengi kuliko yote, ikiwa na milioni 37. Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa ulibadilisha kanuni ya kupima mji unaanzia wapi na kuishia wapi, ukafuata msongamano wa watu badala ya mipaka ya kiserikali. Jakarta, mji mkuu wa Indonesia, ikapanda kileleni kwa karibu milioni 42, Tokyo ikashuka hadi milioni 33. Kilichohama ni mstari kwenye ramani. Na wale wanaobishana kama Nairobi ni kubwa kuliko Dar es Salaam wakumbuke kwamba mkoa wa Dar, uliokuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya Tanzania ya 2022, una eneo karibu mara mbili ya Kaunti ya Nairobi. Kinshasa ni kisa kigumu zaidi: Kongo ilifanya sensa ya mwisho mwaka 1984, na mamilioni yote yanayotajwa leo kuhusu mji mkuu wake ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio. Sisi tuna sensa kila miaka kumi tangu 1969, tarehe zile zile za 24 na 25 Agosti. Ina kasoro zake, lakini tunayo.

Sasa hilo la Agosti. Wanaosema watu huwa mashambani wana hoja, ila wameivuta mno. Katika likizo ya Agosti wazazi wengi wa mitaa kama yenu huwapeleka watoto kwa nyanya zao, na mtoto aliyelala Siaya usiku ule aliandikwa Siaya. Basi inawezekana sensa ilipunguza idadi ya watu wa Nairobi, na hasa ya watoto, jambo linalowagusa nyinyi moja kwa moja mnaoomba shule. Lakini pimeni ukubwa wake. Hata kama mtu mmoja katika kila kumi alikosekana, jambo ambalo ni kosa kubwa sana katika kazi hii, Nairobi ingekuwa na milioni 4.9 mwaka 2019. Kosa la Agosti haliwezi kuigeuza milioni nne kuwa kumi. Tena safari za kwenda na kurudi hupishana: wapo waliotoka vijijini wakalala Nairobi usiku ule, wakahesabiwa hapa.

Upungufu mwingine naujali zaidi, nao uko kwenye korido za ploti zenu, yaani majengo yenu ya vyumba vya kupanga. Karani anapanda gorofa ya sita jioni. Korido ni ndefu, taa imeungua, milango ishirini inatazamana, ndoo na mitungi ya maji imepangwa kando ya ukuta. Anabisha, mlango wa tatu hauna mtu. Jirani anasema humo wanakaa vijana wawili, mmoja yuko kiwandani zamu ya usiku na mwingine hajarudi. Karani akirudi asubuhi, yule wa mchana ameshaondoka na yule wa usiku amelala fofofo. Asiporudi mara ya tatu, chumba hicho kinaachwa, au kinaandikwa mtu mmoja kwa maneno ya jirani. Familia yenye mama na watoto ni rahisi kuipata nyumbani. Wanaopotea ni vijana wanaofanya kazi kwa zamu, na Pipeline wamejaa.

Kuhusu Kibera nitasema wazi: ile milioni moja haina msingi. Ilirudiwa na mashirika, wanahabari na wageni mpaka ikawa kama andiko. Sensa ya 2009 ilipata watu 170,070 katika kata za Kibera, na ile ya 2019 ikapata 185,777 katika kaunti ndogo nzima ya Kibra, ambayo mipaka yake hailingani sawasawa na mtaa wa mabanda wenyewe. Msioiamini serikali, chukueni ramani. Kibera ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 2.5. Watu milioni moja humo wangekuwa 400,000 katika kila kilomita mraba. Kaunti ndogo ya Mathare, iliyosongamana kuliko zote Nairobi, ina ghorofa nyingi mahali ambapo sehemu kubwa ya Kibera ni nyumba za chini, na sensa ilipata huko takriban watu 69,000 kwa kila kilomita mraba. Kibera ingetakiwa kuwa na msongamano karibu mara sita ya Mathare bila kupanda juu. Haiwezekani. Najua kuna wanaoogopa kwamba kuitaja hesabu ndogo ni kuidharau shida ya Kibera. Watu laki mbili wasio na choo cha kutosha ni aibu tosha ya mji mkuu. Haihitaji kutiwa chumvi, na anayeitia chumvi huwapa wakubwa sababu ya kuitupilia mbali hoja yote.

Wastani wa mji nao una mtego, nao mnauhitaji. Sensa inaeleza kwamba Nairobi ina watu 6,247 kwa kila kilomita mraba. Hakuna mtaa unaofanana na hesabu hiyo. Ndani ya eneo la kaunti kuna mbuga ya wanyama yenye kilomita mraba 117, kuna misitu, kuna uwanja wa ndege. Lang'ata, ambako mbuga imo, ilikuwa na watu 911 kwa kilomita mraba. Wakati huohuo kaunti ndogo tatu za mashariki na kaskazini-mashariki, Embakasi yenye watu 988,808, Kasarani yenye 780,656 na Njiru yenye 626,482, zilibeba zaidi ya nusu ya mji mzima. Mkiandika wastani wa Nairobi kwenye ombi lenu, mtakuwa mmewagawia simba sehemu ya watu wenu.

Nielezee kidogo wakazi hawa ni watu wa namna gani, maana shule na zahanati hazijengwi kwa jumla tu. Nairobi ilianzishwa na reli mwaka 1899, na wakoloni waliiendesha kama mji wa vibarua wanaume. Mwafrika alitembea na kipande shingoni, alipewa kitanda Pumwani iliyoanzishwa mwaka 1922 au kwenye nyumba za mwajiri, na mke alitakiwa abaki shambani. Alama ya sera hiyo ilibaki katika takwimu muda mrefu. Mpaka mwaka 1999 bado wanaume walikuwa 1,153,828 na wanawake 989,426, yaani wanaume 117 kwa kila wanawake 100. Mwaka 2009 pengo lilipungua hadi wanaume 105. Mwaka 2019 wanawake walizidi. Katika muda wa miaka ishirini tu, mji wa makapera umekuwa mji ambao wanawake ni nusu na zaidi kidogo, na wengi wao wako katika umri wa kuzaa.

Hapo ndipo watu wengi hukosea kuhusu ukuaji wa Nairobi. Hudhani mji unajazwa na mabasi ya kutoka mashambani pekee. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa wastani mwanamke wa Nairobi huzaa watoto 2.5, chini ya wastani wa nchi wa 3.4 na mbali sana na 7.7 ya Mandera. Mtu akisikia hivyo anafikiri wodi za kujifungulia Nairobi ziko wazi. Sivyo. Kila mama anazaa wachache, lakini akina mama wenyewe ni wengi mno kwa sababu wanaohamia mjini ni vijana, na wazee wengi hurudi nyumbani kijijini. Watoto wanaozaliwa humu humu ni sehemu kubwa ya ongezeko la mji, na ndio wanaohitaji chanjo, kliniki ya wajawazito na dawati la shule. Hoja hii ina nguvu kwa zahanati yenu kuliko hesabu yoyote ya milioni.

Upande wa shule, kuweni waangalifu. Sehemu ya watoto katika watu wa Nairobi ni ndogo kuliko ya nchi nzima, kwa hiyo msichukue asilimia ya Kenya mkaizidisha kwa watu wa Pipeline. Mtapata watoto wengi kuliko waliopo, na afisa wa elimu ataligundua hilo mara moja. Kaya ya Nairobi ilikuwa na wastani wa watu 2.9, ya Kenya 3.9. Vyumba vyenu vingi vina mtu mmoja au wawili wasio na mtoto.

Sasa tufike Pipeline. Kuna mambo mawili ya kufanya, na nashauri myafanye yote mawili.

La kwanza ni kutafuta hesabu ya sensa ya kata ndogo yenu, yaani sub-location, eneo la naibu wa chifu. Matokeo ya 2019 yalichapishwa kwa majuzuu, na juzuu ya pili inashuka hadi kata ndogo: wanaume, wanawake, kaya, ukubwa wa eneo na msongamano. Juzuu ya tatu ina umri, lakini kwa maeneo makubwa zaidi. Yote yanapatikana bure kwenye tovuti ya KNBS. Tahadhari kubwa hapa ni mipaka. Sensa iliigawa Nairobi katika kaunti ndogo 11. Uchaguzi unaigawa katika maeneo bunge 17 na wadi 85. Embakasi ya sensa haifanani na Embakasi Kusini ya mbunge, na wadi ya Pipeline si lazima iwe sawa na kata ndogo mnayoifikiria. Nendeni kwa chifu, mwombeni awaonyeshe mipaka ya kata ndogo zake, mchore kwenye ramani ploti zenu ziko upande gani. Nimeona maombi mazuri yakitupwa kwa sababu waandishi walichukua watu wa eneo moja na shule za eneo jingine.

La pili ni kuhesabu wenyewe, kwa sampuli. Orodhesheni ploti zote za eneo lenu, zote, hata zile za mabati mlizozoea kuziruka. Zigawanyeni mafungu mawili au matatu: ghorofa ndefu, ghorofa fupi, na nyumba za chini. Andikeni namba ya kila ploti kwenye kikaratasi, mtie vikaratasi vya kila fungu kwenye kopo lake, kisha mtoto avute. Msichague ploti kwa macho. Binadamu akichagua, huchagua ile iliyojaa, kwa sababu ndiyo inayothibitisha anachotaka kusema. Katika kila ploti iliyovutwa, ombeni msimamizi awape idadi ya vyumba na vilivyo wazi, kisha bisheni mlango kwa mlango na muulize maswali matatu tu: wangapi walilala humu jana, wangapi ni wa miaka 4 hadi 14, na wangapi kati yao wanasoma shule ya umma. Mkikuta mlango umefungwa, rudini mara mbili kwa saa tofauti, moja asubuhi mapema na moja usiku. Fanyeni kazi hii shule zikiwa zimefunguliwa, ili msirudie kosa lile lile mnaloilaumu Agosti.

Nikupe mfano wa hesabu, na tarakimu zake nimezitunga ili uone njia. Tuseme fungu la ghorofa ndefu lina ploti 300, sampuli inaonyesha wastani wa vyumba 60 kwa ploti, vyumba tisa katika kumi vina watu, na kila chumba kinalaza watu 2.8. Hapo mna vyumba 16,200 vyenye watu, na wakazi wapatao 45,000. Fanyeni hivyo kwa kila fungu, mjumlishe, kisha mwandike "takriban" mbele yake, na mweleze kwa aya moja mlivyofanya. Msichukue majina wala namba za vitambulisho. Kwanza hamzihitaji, pili Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawabana, tatu mpangaji akiona unaandika jina anafikiria landilodi au kodi na anapunguza watu.

Ubaya wa njia hii niutaje pia. Ni kazi ya wiki kadhaa, inahitaji vijana waaminifu, na haitakuwa na uzito wa sensa mbele ya serikali. Inachoweza kufanya ni kuonyesha jinsi eneo lilivyobadilika tangu 2019, maana ghorofa ngapi zimejengwa hapo tangu mwaka ule mnazijua nyinyi. Kama mnaweza kumpata mwanafunzi wa takwimu au wa masomo ya idadi ya watu wa chuo kikuu asimamie uvutaji wa sampuli, uzito utaongezeka mara dufu. Wengi wanatafuta kazi ya namna hii kwa ajili ya tasnifu zao.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuwasaidia, na lazima mkae na watu ana kwa ana. Kama kata ndogo yenu imegawanywa tangu 2019, nendeni ofisi za KNBS, mwaombe takwimu kwa mipaka mipya. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, kwa hiyo andikeni barua na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kuhusu ardhi ya kujenga, muoneni mpangaji wa miji wa kaunti na wakili kabla hamjaandika neno moja juu ya kiwanja fulani. Pipeline hakuna ardhi ya bure inayosubiri shule, na ombi linalotaja kiwanja chenye kesi hukwama kwenye kesi hiyo.

Jambo jingine, msiandike ombi moja. Kwa Jedwali la Nne la Katiba, zahanati na shule za chekechea ni kazi ya kaunti, shule ya msingi ni kazi ya serikali ya kitaifa. Mkiweka yote katika karatasi moja, kila ofisi itawaelekeza kwa nyingine. Andikeni mawili yenye hesabu zile zile. La zahanati lifike kaunti mapema, kwa kuwa mpango wa maendeleo wa kila mwaka hutakiwa kufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na kisichoingia humo ni vigumu kukipatia pesa mwaka unaofuata.

Aya yenu ya kwanza ingeweza kusomeka hivi: "Kwa sensa ya 2019, Kaunti ya Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, na kaunti ndogo ya Embakasi pekee 988,808. Kata ndogo yetu ilikuwa na watu ..., katika kaya ... . Kwa hesabu ya sampuli tuliyofanya mwezi wa ..., tunakadiria kwamba wakazi sasa ni kati ya ... na ..., wakiwemo watoto wa miaka 4 hadi 14 wapatao ... ." Jazeni nafasi hizo, mbandike ramani ya ploti nyuma, na karatasi ya sampuli muiweke tayari mkononi siku ya kikao, kwa sababu afisa ataiulizia.